Barua ya wazi kwa wakuu wa redio: "Mpemba mmoja" mnayemtangaza kila asubuhi

Kwa Ndugu Mkurugenzi na wajumbe wa Bodi,
Kituo cha redio kinachosikika Unguja na Pemba
(jina lenu mnalijua, sitaliandika hapa),
Mjini Unguja.

YAH: VICHEKESHO VYA "MPEMBA MMOJA" KATIKA KIPINDI CHENU CHA ASUBUHI

Ndugu Mkurugenzi,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe na wafanyakazi wako wote.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mzaliwa wa Konde, Pemba, na mkaazi wa Ng'ambo hapa Unguja kwa miaka thelathini sasa. Hii ni mara ya nne nakutafuta. Barua ya kwanza niliileta kwa mkono wangu nikaiacha mapokezi, na nakala yangu ikagongwa muhuri. Ya pili niliituma kwa simu; zikaja tiki mbili za buluu, kisha kimya. Mara ya tatu nikaja mwenyewe, Jumatano asubuhi, nikakaa kwenye kiti cha plastiki pale ukumbini hadi kijana wenu wa kipindi alipotoka studio.

Kijana huyo nitamtendea haki: ana adabu. Aliniamkia, akaniletea maji ya chupa, akanisikiliza kama robo saa hivi, akaniambia, "Mzee wangu, hii burudani tu, watu wachangamke kabla hawajenda makazini." Tukapeana mikono. Niliondoka moyo wangu mweupe.

Alkhamisi saa moja na nusu asubuhi nipo barazani na wenzangu, kikombe cha kahawa mkononi, redio ya muuza kahawa imefunguliwa kwenu. Namsikia kijana wenu: "Jana katujia Mpemba mmoja kulalamika. Namwambia, karibu kiti, mzee. Ananiuliza: kukaa bei gani?" Studio nzima ikacheka. Barza nzima ikacheka. Kisha wenzangu wakanitazama, maana tangu mwanzo wa wiki nilikuwa nimewaambia kwamba nakwenda kwenu, wakaacha kucheka mmoja mmoja.

Na mimi nilicheka, Ndugu Mkurugenzi. Kichekesho kilikaa vizuri, na kicheko hakiombi ruhusa. Lakini kwenye kiti kile nilikaa mimi, na bei sikuuliza. Ndiyo maana leo naandika mbele za watu.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Vichekesho mnavyotuvisha havikushonwa kwa kipimo chetu.

Mwezi uliopita mlitoa kile cha Wapemba waliopanga chumba kimoja. Wanachangishana fedha za mafuta ya taa, mwenzao mmoja hataki kutoa. Basi kila wakiwasha taa wanamfunga kitambaa cha macho asije akafaidi mwanga wa bure, na wakishaizima ndipo wanamfungua. Simu zikamiminika. Msikilizaji mmoja akasema, "Ndio wenyewe hao!"

Kichekesho hicho nilikisoma nikiwa kijana, kwa Kiarabu, mbele ya maalim wangu. Kimo katika kitabu cha mabakhili cha Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki katika karne ya 9. Waliofungana vitambaa mle ni watu wa Khurasani, na waliosemwa zaidi kitabuni ni wa mji wa Marw, ambao watu wa Iraki waliwacheka kwa ubakhili kama mnavyotucheka sisi. Marw leo ni magofu, katika nchi ya Turkmenistan. Mji umekufa, kichekesho chake kikapanda chombo, kikateremka bandarini Malindi hapa mjini Unguja, kikapewa kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi. (Wapo wanadamu waliokihangaikia kitambulisho hicho miaka na wasikipate, lakini hayo ni ya barua nyingine.)

Huyohuyo Al-Jahiz ana risala ya kuwatetea watu weusi, na humo anawagawa Wazanji (ndivyo Waarabu walivyowaita watu weusi wa pwani hii) mafungu mawili: Kanbalu na Lanjuya. Lanjuya ndiyo Unguja hii. Kanbalu wataalamu wengi wanaiweka Pemba, na wapo wanaonyoosha kidole hadi Ras Mkumbuu. Anawalaumu watu wa mji wake kwa kuwapima Wazanji wote kwa wale waliofikishwa kwao utumwani. Yaani mtu aliyeandika kichekesho mlichotuvisha alikuwa akijua kwamba visiwa hivi vina watu, na kwamba watu hawapimwi kwa mmoja uliyekutana naye sokoni. Kijana wenu hana habari hiyo, na simlaumu, hakuna aliyemsomesha. Ila ninyi wakubwa wake mngeweza kuuliza kitu kimetoka wapi kabla ya kukipeleka hewani.

Kile cha sarafu nacho. "Ukitaka kujua kama Mpemba kafa kweli, angusha sarafu karibu na sikio lake." Nairobi anasemwa hivyo Mkikuyu. Dar es Salaam anasemwa Mchagga. Zote tatu nimeletewa simuni, maneno yaleyale, kabila limebadilishwa kama mtu anavyobadilisha betri za tochi. Na sikukisia. Kijana wenu aliniambia kwa mdomo wake Jumatano ile kwamba vingi anavitoa kwenye makundi ya WhatsApp, vimekuja na Wachagga wao: "Mimi nabadilisha jina tu, mzee." Huko Bulgaria upo mji unaitwa Gabrovo, watu wake wanasemwa kwamba huwakata paka mikia ili mlango uwahi kufungwa joto lisitoke. Uingereza wanao Waskoti wao, wa Aberdeen kuliko wote. Kila nchi ina Pemba yake.

Christie Davies, mwanasosholojia wa Uingereza aliyevikusanya vichekesho vya namna hii nchi hadi nchi, aliona kwamba vinakwenda jozi: huku mjinga, kule bakhili. Na anayesemwa ujinga mara nyingi ni jirani wa pembeni, anayezungumza lugha ileile kwa lafudhi nyingine. Anayesemwa ubakhili ni yule anayehangaika na biashara. Nilipoyasoma hayo nilijiona kama nimepigwa picha bila ya kujua. Sisi tumepata yote mawili: Jumatatu Mpemba ni mshamba anayepuliza glopu ili izimike, Jumanne ni mjanja anayewaibia mjini wote. Hamjajiuliza vipi mtu mmoja anaweza kuwa hivyo vyote?

2. Jina letu halikuingia humo kwa bahati, na sababu zake si za kuchekesha.

Mpemba anasemwa tangu zamani. "Mpemba hakimbii mvua ndogo" nimeisomesha miaka yote, na kwetu ni sifa. Ipo na ile ya gogo, ambayo sitaiandika kwa kuwa barua hii itasomwa na watoto. Wazee wenzangu wanaijua na sasa hivi wanatabasamu. Katika zote mbili hamna bakhili. Bakhili kaja baadaye.

Kwa maoni yangu alianza kuja na karafuu. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, na tangu hapo sehemu kubwa ya karafuu za visiwa hivi ikawa inatoka kwetu. Msimu ukifika watu wanavuka kuja kuchuma, kutoka Unguja na kutoka bara. Mchumaji analipwa kwa pishi, yaani kwa chombo cha kupimia. Hebu mtazame mchumaji jioni, kashuka mtini, mgongo unamuuma, macho yake yote yako kwenye mkono wa mwenye shamba: pishi kaifuta juu, au kaacha kichuguu? Hapo maneno huzaliwa. Mchumaji anasema kapunjwa. Mwenye shamba naye anasema huyu kanivunjia matawi, kanichanganyia makonyo, yaani vijiti vya karafuu. Lakini msimu ukiisha mchumaji anapanda meli na kurudi kwao na hadithi yake. Mwenye shamba anabaki Pemba na ya kwake. Ndiyo maana inayojulikana Unguja ni moja tu.

Kisha likaja duka. Wapemba wengi walitoka kwao miaka ya sabini na themanini kwa sababu ambazo watu wa rika langu hawahitaji kuelezwa, wakaenda Dar es Salaam, Mombasa, Tanga, na kokote palipokuwa na chumba cha kufungulia dirisha la kuuzia. Bara "kwa Mpemba" limekuwa jina la duka la mtaani, hata mwenye duka akiwa Mkinga wa Njombe.

Ami yangu alikuwa mmoja wao. Duka lake lilikuwa Ilala, chumba kimoja, na likizo mbili nilikwenda kukaa naye nikamsaidia kufunga sukari kwenye vikaratasi. Ilikuwa mwanzo wa miaka ya themanini, wakati ambapo sabuni ilikuwa ikitafutwa kama dawa. Na ndiyo, Ndugu Mkurugenzi, ami yangu alikuwa akizima taa. Mteja akiondoka anaipuliza chemli, tunakaa gizani nyuma ya wavu tukisikiliza redio ndogo, kisha akisikia viatu anatafuta kiberiti kwa kupapasa. Mafuta yaliyokuwa ndani ya chemli ndiyo hayohayo aliyokuwa akiuza kwa kopo. Angeyachoma yeye, angeuza nini?

Alipofariki tulikwenda kufunga duka, mimi na mwanawe mkubwa. Ndani ya mtoto wa meza tulikuta daftari la skuli, jalada lake limeliwa na mende, limejaa mwandiko wake wa kulala kushoto. Hakuandika majina. Aliandika: "Mama chapati, mafuta ya taa kopo moja, mwisho wa mwezi." "Fundi baiskeli, sukari robo, mtoto anaumwa." "Mlinzi wa skuli, mafuta ya taa nusu kopo." "Mama chapati, mafuta ya taa." "Mama chapati, mafuta." Ukurasa baada ya ukurasa, na mengi yalikuwa mafuta ya taa. Nikamuuliza mjane wake tufanye nini na madeni yale. Akasema, "Mwenyewe hakudai. Mtadai nyinyi?"

Daftari ninalo. Mkilitaka kwa kipindi nitaliazima, kwa sharti lirudi.

3. Uchawi.

Hapa sitakaa sana. Waganga Pemba wapo, kama walivyopo Unguja, Tanga, Sumbawanga na Bagamoyo. Lakini sifa ya kisiwa kizima kuwa chuo cha uchawi imesambazwa pia na kalamu za wageni. Mwingereza Evelyn Waugh alipita huku akaandika, mwaka 1931, kwamba Pemba ndiyo makao makuu ya uchawi na kwamba wanafunzi wake wanatoka hata Haiti. Haiti! Mtu anapita kama mtalii, anasikia maneno ya mezani, anaandika. Wa pili anamsoma na kuandika tena. Leo vijana wetu wanaotembeza wageni wanayauza maneno yaleyale kwa dola, na ninyi mnayarudisha kwetu bure.

Na Popobawa, jini linalosemwa kuwavamia watu usiku. Mwaka 1995 khofu ile ilianzia Pemba kabla ya kuvuka kuja Unguja na Dar es Salaam. Marehemu mama yangu alilala nje wiki nzima, moto umewashwa uani, wajukuu wamemzunguka, na kila mlango ukigonga kwa upepo wanapiga kelele. Studio kwenu ni mlio wa popo na vicheko dakika mbili.

4. Mnaucheka mdomo wetu, na watoto wamesikia.

Kijana wenu akimwigiza Mpemba anavuta sauti puani na kusema "nkono", "nkate", "nke wangu". Anaigiza vibaya, lakini hilo ni la ufundi wake. Mjukuu wangu yuko darasa la tano. Kazaliwa Pemba, kaletwa hapa kusoma. Siku moja wakati wa mapumziko aliomba "nkate" kwa mama anayeuza pale skuli, na foleni nzima ya watoto ikamjibu kwa ile sauti ya redio yenu, pamoja na kile kimuziki chenu cha mwisho. Nilikuwa sijui. Nilijua siku aliponiambia, tukiwa njiani, bila ya kunitazama: "Babu, ukija kunichukua, usiniite kwa sauti pale getini. Nisubiri kwenye mwembe."

Mimi ndiye niliyemfunza kusema. Maneno yake ni yangu.

Mnaofikiri kwamba "nkate" ni makosa, nawakumbusheni kwamba Kiswahili cha vitabuni kilichaguliwa mkutanoni, Mombasa, mwaka 1928, chini ya serikali za kikoloni. Walioshindania nafasi walikuwa Kiunguja na Kimvita. Kikapita Kiunguja. Kipemba hakikuanguka mtihani, hakikuitwa kwenye chumba cha mtihani. BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, wenyewe wamekitolea Kipemba kamusi lake. Litafuteni, liwekeni studio, mtaona mna maneno ndani yake ambayo Kiunguja cha leo kimeyasahau na kuyaazima upya kutoka Kiingereza.

5. Neno Mpemba katika nchi hii si neno jepesi.

Tangu zama za siasa, 1957 hadi 1963, magazeti ya vyama yalikuwa yakirushiana majina ya makabila kwa sura ya mzaha, na sote tunajua zama zile ziliishia wapi. Vyama vingi viliporudi kwenye sanduku la kura mwaka 1995, jina la kisiwa likageuka jina la kura. Januari 2001 watu waliuawa Pemba, na wengine wakakimbilia Shimoni, Kenya, kwa majahazi. Januari 2016, kwenye sherehe za Mapinduzi, lilipita uwanjani bango la kuwakana machotara, mchana kweupe. Wapo watakaotaka niwapeleke hadi Kigali, kwenye redio zilizochochea mauaji ya 1994, ili kupata mfano. Siendi huko, mfano ule unatumiwa ovyo, na ninyi si watu wa namna ile. Ninachosema ni cha hapahapa: tulipoungana katika Serikali ya Umoja wa Kitaifa mwaka 2010, baada ya kura ya maoni ya Julai, tuliambiwa tusahau nani Mpemba na nani Muunguja. Tumejaribu. Kila asubuhi saa moja na nusu ninyi mnatukumbusha.

Najua mtakavyonijibu, kwa sababu nimeshajibiwa.

Mtasema ni utani. Utani naujua na nauheshimu. Kule bara Msukuma na Mzaramo, Mnyamwezi na Mzaramo, wana utani wao, na una sheria: mtani anakutukana na wewe unamtukana, na ukifiwa anakuja kukuzikia na kukuchekesha msibani, anabeba hata kuku wako na humwulizi. Unguja na Pemba hatukufunga mkataba huo. Tungekuwa tumeufunga, Jumatano ile ningekibeba kile kiti cha plastiki nikaondoka nacho, na hakuna ambaye angenigusa. Isitoshe utani una midomo miwili, na maikrofoni iko kwenu tu.

Mtasema Wapemba wenyewe wanacheka. Nimeshakiri kwamba nilicheka. Mtu aliyezungukwa na wanaocheka anacheka. Akikaa kimya anakuwa kichekesho cha pili.

Mtasema, kama alivyosema huyohuyo Davies niliyemtaja, kwamba vichekesho ni kipimajoto tu, vinaonyesha homa, havileti homa. Alikuwa msomi na hoja yake si ya kubeza, nami nusu yake naikubali. Lakini daktari mwenye akili hasomi joto la mgonjwa kwa kipaza sauti kila asubuhi na kumchezea kimuziki.

Mtasema, na hapa mna haki, kwamba hata sisi tunawasema wengine. Kweli. Wapemba tunawasema wabara, na neno "machogo" limetoka midomoni mwetu kama lilivyotoka midomoni mwa Waunguja. Mjini tunawasema watu wa Makunduchi, tunawasema Watumbatu. Mimi mwenyewe, mwaka wangu wa tatu wa kazi, nilitoa darasani kichekesho cha Mngazija, mtu wa Komoro. Alikuwepo mtoto mmoja wa Kingazija, alikaa dawati la mbele, na alicheka kuliko wote. Nilifurahi. Imenichukua miaka thelathini na mjukuu mmoja kuelewa kwa nini alicheka kuliko wote.

Na mtakaposema kwamba mnafungua matangazo kwa Qur-ani, basi aya ya 11 ya Suratul Hujurat haihitaji mimi niifasiri. Watu wasiwacheke watu wengine, huenda hao wakawa bora kuliko wao. Imesema watu kwa watu, si mtu kwa mtu. Kundi kwa kundi ndilo lililotajwa kwanza.

Ninachoomba ni hiki:

(a) Kichekesho cha kiti kiombewe radhi hewani, saa moja na nusu asubuhi, katika kipindi kilekile na kwa sauti ya kijana yuleyule. Asifukuzwe kazi wala asikatwe mshahara. Ni kijana wetu, na nina hakika waliomwambia "ongeza Mpemba, watu wanapenda" wapo juu yake.

(b) Neno "Mpemba mmoja", na vilevile "Mmakunduchi mmoja", "Mtumbatu mmoja", "Mngazija mmoja", "mbara mmoja", liondoke mwanzoni mwa vichekesho vyenu. Semeni "bwana mmoja". Kikibaki kinachekesha, kilikuwa kichekesho. Kikifa, basi kilichokuwa kikichekesha kilikuwa ni kabila.

(c) Uigizaji wa lafudhi usitishwe hadi mtakapokuwa na mtangazaji wa Kipemba anayesoma taarifa ya habari kwa lafudhi yake bila ya kuambiwa airekebishe. Nimewasikiliza miaka mingi, bado sijamsikia.

(d) Mtupe nusu saa kwa wiki. Pemba ina wachekeshaji wa kweli: wavuvi wa Tumbe, mabibi wa kuchambua karafuu, wazee wa ng'ombe wa Pujini ambao wana visa vya mchezo wa ng'ombe vitakavyowatoa machozi. Waacheni wajicheke wenyewe, kwa mdomo wao, kwa maneno yao, na walipwe kama mnavyomlipa mwengine.

(e) Nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 21 tangu leo. Nisipojibiwa nitaupeleka waraka huu, pamoja na nakala yenye muhuri wenu, kwa Tume ya Utangazaji. Sipendi kufika huko. Nimekuwa msikilizaji wenu kabla ya wengi wa watangazaji wenu hawajazaliwa, na asubuhi bila ya redio yenu naiona ndefu.

Mkitaka kunihoji studio nitakuja, siku yoyote isipokuwa Ijumaa mchana. Kiti nitakuja nacho.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
mzaliwa wa Konde, mkaazi wa Ng'ambo.